Kivoi wa Mwendwa: Bingwa wa Kitui Aliyeisafirisha Nyumba

Mwulize mtoto yeyote wa shule ni nani aliyeuona Mlima Kenya mwanzo, naye atakujibu bila ya kusita kuwa ni Mjerumani mmoja kwa jina la Krapf, na tarehe atakupa: 3 Desemba 1849. Mwulize tena Mjerumani huyo alikuwa amefikia nyumbani kwa nani, na ni nani aliyemwambia kuwa mlima huo upo, na hapo mtoto atanyamaza. Hata sisi watu wazima wa pwani, ambao babu zetu walinunua pembe zilizoletwa na misafara ya mtu huyo, wengi wetu tutanyamaza vile vile. Kwa ajili hiyo leo nimekusudia, wasomaji wapenzi, kuwasimulia habari za Kivoi wa Mwendwa, bingwa wa misafara wa Kitui, aliyeuawa karibu na mto Tana mwezi wa Agosti 1851.

Kivoi hakuwa sultani, wala hakuwa jemadari wa jeshi lenye mishahara na bendera. Walakini ukiyapima mambo yake utaukuta ndani yake ujemadari wa kweli: kuchagua mahali pa kusimama, kujua wakati wa kutoka na wakati wa kukaa, na kumtumia kila mtu anayekuja mbele yako, awe rafiki au mgeni. Mimi ni mtu wa baraza, nami nimepita miaka hamsini nikiwatazama wazee wakicheza bao. Basi nimeona nimpime Kivoi kwa mizani ya bao, kwani ndiyo mizani inayojulikana na kila mtu huku kwetu.

Wachezaji wanajua. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo unapoanza, katika namua, kila mtu huwa na kete 10 baoni, na 22 zimo mkononi, hutiwa moja moja. Katika hizo 10, sita hukaa katika shimo moja tunaloliita nyumba. Nyumba ina heshima yake na haki zake. Mchezaji aliyekula, na kete yake ya mwisho ikamwangukia nyumbani, ana hiari: akipenda hulala hapo, na akipenda huisafirisha, yaani huzichota zote akazimwaga mbele. Nyumba ikisafiri huweza kuleta ushindi mkubwa. Lakini nyumba iliyokwisha kusafiri si nyumba tena, ni shimo kama mashimo mengine. Yashikeni haya, kwani tutayarejea.

NCHI ISIYOKUWA NA MFALME

Kwanza tuitazame nchi. Mapokeo ya Wakamba yanasimulia kuwa wazee wao walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapitia milima ya Chyulu, wakafika Nzaui, kisha wakapanda vilima vya Mbooni. Nzaui na Mbooni zote mbili leo zimo katika kaunti ya Makueni. Mbooni ni mahali pa baridi na maji, na watu walilima wakazidi. Walipozidi, wengine waliteremka, wakauvuka mto Athi, wakaingia Kitui.

Kitui ni pana, lakini mvua yake haina ahadi. Mwaka mmoja mtama hujaa ghalani, mwaka wa pili mtu huvuna majani makavu. Kwa hivyo watu wa huko walijifunza mapema kuwa jembe peke yake halilishi nyumba. Walikuwa mabingwa wa upinde, na mishale yao yenye sumu ilijulikana mbali. Waliwinda ndovu, wakarina asali, wakafua minyororo ya chuma. Wakati wa njaa walikuwa na safari wanayoiita kuthuua, yaani kutoka na vitu vyao kwenda ugenini kuvibadilisha kwa chakula. Walikwenda kwa Wambeere na Waembu, kwa Wakikuyu, kwa Watharaka na Wameru chini ya mlima. Safari hizo za njaa ndizo zilizozaa biashara. Mtu aliyekwenda mara tatu kutafuta mtama, mara ya nne alijua pembe ziko wapi.

Juu ya hayo, Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo yao yalikuwa mikononi mwa wazee wa baraza, na kila mtaa ulikuwa na wazee wake. Mtu mkubwa alikuwepo, lakini ukubwa hakuurithi wala hakutawazwa. Aliupata kwa mali, kwa ulimi, kwa ushujaa, na kwa kushibisha watu. Siku watu wakiona hawapati kitu kwake, huondoka wakaenda kwa mwingine, na hapana askari wa kuwarudisha.

Hapa ndipo pa kuuona ugumu wa kazi ya Kivoi. Sultani akiamrisha watu mia mbili wabebe pembe, watabeba. Kivoi ilimbidi kila safari awavute watu kwa faida, na pale faida isipotosha, awavute kwa haiba na hofu. Inasimuliwa kuwa watu walimwona ni mwenye siri na uganga, na yeye hakuharakisha kuwakanusha. Katika nchi isiyo na askari, sifa ya namna hiyo ni ngome.

KETE ZA MKONONI

Sasa tuutazame mchezo wenyewe. Zamani pembe za bara zilifika Mombasa kwa mikono ya jirani zetu Wamijikenda, na Wagiriama hasa, ambao walikwenda kuzipokea huko ndani wakazileta hadi pwani. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliwateremsha Wakamba wengi hadi Rabai na bara ya Mombasa, na wengine wakakaa moja kwa moja; wajukuu zao wako Mariakani na Kinango mpaka hivi leo. Kukaa kwao huko kuliwafaa ndugu zao wa Kitui kuliko ngome. Msafara uliotoka Ukambani sasa ulikuwa na mwenyeji wa kuupokea, wa kusema lugha ya pwani, na wa kuuliza bei ya pembe kabla mzigo haujafika. Dalali wa katikati akawa hana kazi.

Na bei wakati huo ilikuwa nzuri. Seyyid Said bin Sultan aliipata Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka wa 1837, naye mapatano ya biashara na Marekani alikuwa ameyafunga tangu 1833. Meli za Salem zilileta ile nguo nyeupe ambayo hadi leo twaiita marekani, na zikachukua pembe. Kaskazi likivuma, vyombo vya Bara Hindi na Arabuni vilishusha kaniki, ushanga na waya wa shaba, na vikangoja mzigo wa kurudi nao kwa kusi. Bangili za maarusi wa Kihindi, vitana vya mabibi wa Kizungu na funguo za piano, vyote vilitoka katika pembe, na pembe zilipimwa kwa frasila, ambayo ni pauni 35 hivi. Kila frasila ilibebwa kwa bega la binadamu kutoka bara.

Njia yake haikuwa ya mchezo. Ukitoka Rabai unaingia nyika ya Taru, ambako mtu hutembea siku nzima asione maji. Unapita Maungu na vilima vya Taita, unauvuka Tsavo, unaingia Kikumbuliu, ambako ndiko upande wa Kibwezi katika Makueni ya leo. Kisha Athi, kisha uwanda wa Yatta, ndipo ufike Kitui. Upande mmoja wa njia walikuwako Wamasai, upande wa pili Wagalla, na kila mmoja akitafuta ng'ombe na sifa. Msafara mdogo uliliwa. Msafara mkubwa ulipita, lakini msafara mkubwa wataka maji mengi na mtu mmoja anayesikilizwa.

Kivoi alikuwa ndiye mtu huyo. Nyumba yake, kwa maana ya bao, ilikuwa ni Kitui. Kaskazini yake kulikuwa na Tana na watu wa mlimani wenye pembe. Mashariki na kusini kulikuwa na bahari yenye nguo. Watu wa mlimani hawakuijua Mombasa, na Mombasa haikuwajua wao. Aliyejua pande zote mbili ni yeye. Kote huko biashara ilishikwa kwa undugu wa kuchanjana na kwa viapo, si kwa hati. Hizo ndizo zilizokuwa kete zake za mkononi: jina la mwenyeji hapa, kisima pale, deni la pembe kwa fulani, na ahadi ya mwaka ujao kwa mwingine. Hakuzimwaga zote mara moja. Alitia moja moja, kama mchezaji aliyetulia anavyonamua.

Haki ya msomaji ni kusikia yote. Kivoi alikuwa na watumwa, na walimtumikia nyumbani na safarini. Hakuwa peke yake katika hayo. Na sisi wa pwani, ambao mashamba na majumba yetu ya zamani yanajulikana yalivyojengwa, hatuna ulimi wa kumhukumu yeye tukajisahau wenyewe. Nalitaja kwa kuwa habari ya mtu mkubwa ikifichwa upande mmoja hugeuka kuwa sifa tupu, na sifa tupu haimfundishi mtu kitu.

MGENI WA RABAI

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Waingereza, alifika Mombasa mwaka wa 1844 kwa idhini ya Seyyid Said. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa bara ya pili, upande wa Nyali. Mwaka wa 1846 alihamia Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Mwaka wa 1848 Rebmann aliongozwa na mtu wetu wa Mombasa, Bwana Kheri, mpaka akauona Kilimanjaro na theluji yake. Krapf naye akatamani Ukambani, kwani kwa akili yake ile ilikuwa ndiyo njia ya kuingilia ndani ya Afrika. Alitoka Rabai mwanzo wa Novemba 1849, akapita Kikumbuliu na Yatta, na mwisho wa mwezi akabisha hodi kwa Kivoi.

Hebu tumfikirie mwenyeji. Mbele yake amekaa mgeni asiyetaka pembe wala ng'ombe. Anauliza majina ya mito, anaandika, na anasema habari za Mungu. Watu wengine wangemwona mwenda wazimu, au mpelelezi. Kivoi alimwona kuwa ni kete. Mtu anayesikilizwa na liwali wa Mombasa, mwenye dawa na bunduki, na anayedhaniwa na watu kuwa ana uganga wake wa Kizungu, akikaa kwako, jina lako hukua mara mbili: bandarini watasema umekubaliwa na Wazungu, na mlimani watasema una mganga mpya.

Kwa hivyo alimpokea kwa ukarimu, na katika mazungumzo akamtolea ile ambayo mgeni aliipenda kuliko dhahabu. Alimwambia kuwa amepata kufika Uchagga, ameuona mlima mweupe wa huko, na kwamba uko mlima mwingine kama huo, mwendo wa siku sita kutoka kwake, nao waitwa Kiinyaa. Wakamba wengi hulifasiri jina hilo kwa mbuni, ambaye kwao ni nyaa, kwa vile mlima una weusi na weupe kama manyoya ya mbuni dume. Siku chache baadaye, 3 Desemba, mawingu yalifunguka, na Krapf akiwa katika vilima vya Kitui akaziona pembe mbili za jiwe zimesimama juu ya mlima mkubwa uliofunikwa na weupe.

Ulaya walimcheka. Bwana Cooley wa London, aliyekuwa bingwa wa jiografia bila ya kuikanyaga Afrika, alikataa kabisa kuwa kuna theluji karibu na ikweta, na ubishi huo ulichukua miaka. Mpaka Joseph Thomson alipouona mlima mwaka wa 1883 ndipo shaka zilipokwisha. Kwa Kivoi, tangu mwanzo, hapakuwa na ubishi. Mlima ule ulikuwa alama ya njia yake ya pembe. Na jina alilolitamka, kwa ulimi wa Kikamba ukasikiwa kwa sikio la Kijerumani, mwaka wa 1920 likawa ndilo jina la koloni zima, na hii leo ni jina la nchi yetu.

NYUMBA YASAFIRI

Krapf alirudi Rabai, akaenda Ulaya, akarejea. Julai 1851 alishika njia tena, akiwa na nia ya kujenga kituo Yatta. Njiani wanyang'anyi walimshambulia, na Yatta kwenyewe mambo hayakumwendea vizuri. Akaiacha kazi ile, akaenda kwa Kivoi kwa mara ya pili. Safari hii alitaka aone mto Tana. Kivoi naye alikuwa na haja zake za pembe upande huo. Mwezi wa Agosti walitoka pamoja.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo Kivoi alipoisafirisha nyumba. Alitoka yeye mwenyewe, pamoja na watu wake wa nyumbani na mgeni ambaye habari zake zilikuwa zimekwisha kuenea. Vile vile alikuwa akielekea mahali ambapo kila mwenye kisasi au tamaa alijua kuwa mtu mwenye mali atapita. Simlaumu. Mchezaji aliyezoea kushinda huona njia mbele imefunguka, na nyumba iliyojaa humwashia mkono. Safari ngapi alikwenda akarudi salama! Lakini msafara wake mara hii haukuwa na umoja, na hilo lilionekana saa ile ile ya shida.

Walipokuwa wamebakiza kidogo kufika Tana, wanyang'anyi waliwatokea kwa wingi. Wengi katika msafara walitupa mizigo wakakimbia. Waliobaki na Kivoi ni wachache, watu wake wa karibu. Krapf alikuwa na bunduki, akapiga mara mbili, lakini alipiga hewani, kwani dini yake, kwa alivyoifahamu, haikumruhusu kumwaga damu ya mtu. Kivoi aliuawa hapo, na baadhi ya watu wake pamoja naye.

Mgeni aliokoka kwa ajabu. Alijificha vichakani mchana, akatembea usiku, akafika Tana kwa kiu kilichokaribia kumwua. Alipokuwa hana chombo, alitia maji katika mfuko wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaziba kwa nyasi na kitambaa. Hivyo akarudi Kitui peke yake. Huko jamaa za Kivoi walimkabili kwa hoja nzito. Waliona kuwa, akiwa ni mganga mkubwa kama alivyodhaniwa, ilimpasa amwokoe mwenyeji wake, au basi afe pamoja naye. Walitaka kumwua. Alitoroka usiku, na baada ya mashaka mengi akafika Rabai.

Angalieni mambo yalivyogeuka. Kile kilichoonekana kuwa ni faida ya mgeni, yaani sifa ya uganga, ndicho kilichotaka kumwangamiza. Na kete ambayo Kivoi aliitia kwa matumaini makubwa haikula hata shimo moja siku ya haja. Bunduki ilikuwepo, lakini mwenye kuishika alikuwa na sheria zake mwenyewe. Kivoi aliijua njia ya Tana, na bei ya pembe Mombasa aliijua. Asichokipima ni mipaka ya mtu aliyekuwa akitembea ubavuni mwake.

BAADA YA KIVOI

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo wafanyabiashara wengi wa pwani mpaka leo wanalifanya. Mali yote ya Kivoi ya kweli ilikuwa kichwani mwake: nani ni ndugu wa kiapo, nani anadaiwa, maji yapo wapi. Kichwa kilipoanguka karibu na Tana, ghala lote liliteketea. Wakamba waliendelea kusafiri, lakini ubingwa wao wa njia ile ulipungua mwaka baada ya mwaka. Ndovu walianza kuadimika, na misafara ya Waswahili na Waarabu ikaacha kungojea pembe Rabai, ikapanda yenyewe mpaka Kitui na kuvuka hadi mlimani. Mwaka wa 1896 kazi ya reli ilianza Mombasa, ikapasua Makueni kwa Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi 1899. Kituo kimoja katika njia hiyo kilipewa jina la Sultan Hamud wa Unguja, na mpaka leo mji wa Sultan Hamud upo Makueni. Abiria wa gari moshi jipya lililoanza mwaka wa 2017 hupita Kibwezi na Emali kwa muda usiotosha kumaliza birika la chai, pale ambapo watu wa Kivoi walihesabu siku kwa visima.

Jambo moja hunirudia kila nikimfikiri mtu huyu. Yote tunayoyajua kwa tarehe juu ya Kivoi, tunayajua kwa kalamu ya Krapf, aliyeandika safari zake katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka wa 1858. Kete ile ngeni haikumwokoa roho yake, lakini ndiyo iliyomwokolea jina. Na sisi je? Wakati wa Kivoi, Mombasa ilikuwa imejaa wenye kuandika. Huo ulikuwa ni mji na zama za Muyaka bin Haji. Palikuwa na makadhi, walimu wa vyuo, na makarani waliopiga hesabu ya kila frasila iliyoshuka Rabai. Bei ya pembe waliiandika. Mimi sijapata kukutana na utenzi wa kale uliomtaja mtu aliyeileta.

Deni hilo bado linalipika. Kitui na Makueni wako wazee ambao wangali wanahifadhi habari za misafara kwa vinywa vya babu zao, na Rabai na Mariakani wako wajukuu wa Wakamba waliopokea mizigo. Vijana wetu wanaotunga, na wanaolalamika kuwa hawana maudhui, wapande gari asubuhi na daftari mkononi. Kitui si mbali hivyo tena, na wazee hawangoji.